Chumba cha kikao anakitengeneza nani?

Wanafunzi wa ushauri nasaha wanaokuja kwangu kwa mafunzo ya vitendo huniuliza swali lile lile: wakishapata leseni, wakodi chumba hapa mjini Mombasa au waanzie mtandaoni? Kwa hesabu ya pesa, mtandao unashinda. Hakuna kodi ya pango, hakuna mshahara wa mtu wa mapokezi, na mteja wa Likoni hasubiri feri. Wapo pia wasiotaka kuonekana wakipanda ngazi za kliniki, maana mji huu una macho. Mimi huwarudisha nyuma kidogo: chumba cha kikao anakitengeneza nani?

Mteja akija kliniki, chumba ni kazi yangu. Nimefunga mlango, nimehakikisha aliyekaa nje hasikii kitu, simu yangu nimeizima. Yeye anakuja na yaliyomo moyoni tu. Kikao kikihamia kwenye simu, kazi hiyo yote inamwangukia yeye, na mara nyingi hakuna aliyemwambia. Hapa Mombasa mtu anaishi na mama mkwe chumba cha pili, watoto wanaingia na kutoka, na ukuta wenyewe haufiki darini. Atakwambia yuko peke yake, na kweli yuko peke yake chumbani, ila sauti yake inafika sebuleni. Utayajua hayo kwa majibu yake: "Ndiyo." "Si sana." "Tutaongea."

Kwa hiyo kikao cha kwanza cha mtandaoni natumia muda mwingi kumsaidia kutafuta mahali. Kuna wanaozungumza ndani ya gari lililoegeshwa, na kuna wanaopanda juu ya paa watu wakiwa wamelala mchana. Vipokea sauti vya masikioni ni lazima, ili walau upande wangu wa mazungumzo usisikike. Tunapanga pia neno la kawaida, kwa mfano kuuliza bei ya kitu, ambalo akilitamka najua kuna mtu ameingia na nageuza mazungumzo papo hapo. Mwanamke anayepigwa na mtu anayemkagua simu, simpangii kikao cha mtandaoni kabisa. Yeye namtafutia njia ya kufika kliniki.

Kinachonipa taabu zaidi kwenye skrini ni ukimya. Ana kwa ana, mteja akinyamaza namwacha anyamaze, na mengi mazito hutoka baada ya kimya hicho. Mtandaoni, sekunde chache tu zinatosha mmoja wetu aulize, "Unanisikia?" na lile lililokuwa likipanda kooni linarudi chini. Siku hizi nasema mapema: ukiona nimenyamaza, jua nakusikia, mtandao ukikata nitakupigia kwa simu ya kawaida. Halafu kuna mwili. Kamera inaishia mabegani. Uso unaweza kutulia kabisa huku mguu unatikisika chini ya meza, na mimi sina habari. Inanibidi niulize kwa mdomo kile ambacho ningekiona kwa jicho: mikono yako iko wapi sasa, kifua kinajisikiaje?

Kwa watoto wadogo, ambao kikao chao ni mchezo sakafuni, na kwa wanandoa waliofikia kurushiana maneno, nachagua chumba bila kusita.

Lakini kuna shida ambazo skrini inazitibu vizuri kuliko kliniki yangu. Chukua wasiwasi wa udhu, ambao watu wa pwani wanaujua: mtu anatawadha, anahisi haukutimia, anaanza upya, mpaka swala inampita. Kliniki ananisimulia tu. Mtandaoni anaiweka simu juu ya rafu karibu na bomba, nami nipo wakati hofu yenyewe inapanda. Ameshapata kauli ya sheikh anayemwamini kwamba kila kiungo hakioshwi zaidi ya mara tatu. Anafunga bomba, anaondoka pale, na tunakaa pamoja na ile hofu bila yeye kurudi kuosha, mpaka ianze kushuka yenyewe. Tiba ya kukabili kinachoogopwa hufanya kazi pale pale kinapoogopwa, na bomba la kliniki yangu halimwogopeshi mtu.

Wenzangu hupenda kutaja uchambuzi wa 2018 wa mtafiti wa saikolojia Per Carlbring na wenzake, uliokusanya tafiti 20 na kuona kuwa tiba ya intaneti inalingana na ya ana kwa ana. Ni kazi nzuri, ila tiba waliyoipima ilikuwa hasa masomo ya kusoma na mazoezi, mtaalamu akimfuatilia mteja kwa ujumbe. Kuitumia kama ushahidi wa kuzungumza kwa video ni kuipa mzigo usio wake.

Jambo ambalo silifanyii mzaha ni hatari. Kila kikao cha mtandaoni nakianza kwa kuuliza: uko wapi sasa hivi, na nani yuko karibu ninayeweza kumpigia? Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba. Kwangu uamuzi ule una uzito wa kila siku, kwa sababu mteja aliyekuwa akiogopa polisi alikuwa na sababu ya kutonitajia alipo. Kwa dada zetu wanaofanya kazi za nyumbani Ghuba, jibu la maswali hayo mawili ni gumu zaidi. Leseni yangu inatokana na sheria ya Kenya ya washauri nasaha na wanasaikolojia ya 2014, na kupiga 999 nikiwa Mombasa hakumfikishii msaada aliye Riyadh. Kabla ya kumpokea, namtaka anipe mtu mmoja wa huko huko anayeweza kumfikia. Asipokuwepo, tunaanza na kazi hiyo ya kumtafuta.

Ndiyo maana wanaoanza nawaomba wakae chumbani kwanza, hata ikibidi wagawane kodi na wenzao. Jicho lililozoea mwili mzima linajua skrini imekata nini. Anayefanya mafunzo kwangu hapokei mteja wa mtandaoni mpaka nimeridhika kwamba anaweza kukaa na mtu anayelia, mlango umefungwa, bila kukimbilia kumnyamazisha.