Pralini za Pekani: Yanayosemwa Jikoni na Yanayotokea Sufuriani

Aliyezoea kupika visheti ana nusu ya ujuzi wa kupika pralini, ila hajaambiwa. Pralini ni peremende bapa za New Orleans, Louisiana, kusini mwa Marekani, zenye rangi ya kahawia na ukubwa wa chapati ndogo ya mtoto. Ndani yake mna sukari, maziwa au krimu, siagi na pekani, zile njugu za mti wa Amerika ya Kaskazini zenye umbo refu na mikunjo, ndugu wa walnut. Viungo ni vichache na kazi haizidi nusu saa. Hata hivyo, wengi wanaojaribu mara ya kwanza huishia na moja kati ya mawili: uji unaonata usiotaka kuganda, au bonge la mchanga lililong'ang'ania sufuria. Hapo ndipo lawama zinapoanza, mara sukari, mara mvua, mara mkono wa mpishi. Nyingi ya lawama hizo hazina msingi, lakini zinarithishwa jikoni kana kwamba ni sheria.

"Pralini ni karameli iliyotiwa njugu."

Hii ndiyo dhana mama, na makosa mengine mengi yamezaliwa nayo. Sukari nyeupe huanza kuwa karameli kwenye nyuzi 160 au 170 hivi za Selsiasi. Pralini huepuliwa ikifika 114 au 115, mbali kabisa na karameli. Rangi yake inatokana na molasi, ile shira nyeusi ya miwa, iliyomo kwenye sukari ya kahawia, na maziwa yanayobadilika rangi yakipikwa pamoja na sukari.

Kinachotokea sufuriani ni hiki. Shira ya moto hubeba sukari nyingi kuliko inavyoweza kubeba ikipoa. Ikipoa, ile sukari iliyozidi lazima itoke na kurudi kuwa chembe. Ukiiruhusu itoke ingali ya moto sana, zinajijenga chembe chache, kubwa, na ulimi unazihisi kama mchanga. Ukingoja ipoe kidogo kisha ukakoroga kwa nguvu, zinazaliwa chembe nyingi mno kwa wakati mmoja, hakuna inayopata nafasi ya kukua, na matokeo yake ni ule ulaini unaoyeyuka mdomoni. Kwenye karameli mpishi anapigana ili chembe zisirudi. Kwenye pralini anazirudisha kwa makusudi, kwa wakati anaoutaka yeye.

Mpishi wa pwani analijua jambo hili hata kama hajawahi kulitamka. Shira ya kaimati inatakiwa ibaki inang'aa na kuteleza. Shira ya visheti inapikwa mpaka ikolee, visheti vinageuzwa-geuzwa ndani yake, na sukari inakauka juu yake ikawa nyeupe. Pralini ziko upande wa visheti.

"Tia ndimu kidogo, isiharibike."

Ushauri mzuri, kwa kaimati. Asidi ya ndimu huvunja sukari kuwa glukosi na fruktosi, na hizo mbili huzuia chembe kujengeka. Ukiitia kwenye pralini umeizuia kufanya kazi yake yenyewe, halafu utakaa hadi usiku ukisubiri zigande. Asali na shira ya mahindi hufanya vivyo hivyo. Texas, hata hivyo, kuna pralini za kutafuna ambazo shira ya mahindi imo kwa makusudi na moto hupelekwa juu zaidi, kama nyuzi 118 hadi 120. Ni aina nyingine, tamu kwa namna yake, na mtu wa Texas hatakubali kuambiwa kwamba yake ni ya uongo. Basi ukiona maelekezo mawili yanapingana, angalia kwanza kama yanazungumzia peremende moja.

"Usikoroge kabisa" na "Koroga bila kuacha."

Kila mmoja ana nusu ya ukweli. Mwanzoni, koroga mpaka sukari yote iyeyuke kabla haijachemka. Ukisugua mwiko kwenye kitako cha sufuria usisikie mkwaruzo. Ikishachemka, pitisha mwiko taratibu chini tu, kwa sababu maziwa huungua haraka. Chembe zilizorukia ukingoni usizikwangue kuzirudisha ndani, maana chembe moja inatosha kuita nyingine. Funika sufuria dakika moja au mbili, mvuke utaziosha wenyewe.

Ikifika 114 au 115, epua. Sasa iache. Hapa ndipo watu wanaposhindwa na subira: sufuria imeepuliwa, jikoni kunanukia, mkono unawasha. Subiri dakika chache ishuke karibu na nyuzi 95, ndipo ukoroge kwa nguvu, pekani zikiwa zimo. Mwanzoni mchanganyiko unang'aa kama kioo na pekani zinazama. Baada ya dakika moja au mbili mwiko unaanza kuwa mzito, mng'ao unafifia, na mstari unaoachwa na mwiko haufungi papo hapo. Pekani nazo zinabaki pale zilipo badala ya kuzama. Chota. Tone likianguka kwenye karatasi litanuke kidogo kisha lisimame lenyewe. Likikimbia kama uji, rudi ukoroge. Likibaki kilima, umechelewa, na una nusu dakika kabla sufuria nzima haijageuka jiwe. Watu wawili wenye vijiko ni bora kuliko mmoja hodari.

"Kipimajoto ni cha hotelini, jicho linatosha."

Jicho linatosha kwa aliyepika mamia. Mgeni anahitaji kipimajoto, au bakuli la maji baridi: dondosha tone la shira ndani yake, likusanye kwa vidole, likifanya kidonge laini kinachobonyea umefika. Njia hiyo ni ya zamani na bado ni sahihi. Lakini epua sufuria wakati unapima, la sivyo nyuzi zinaendelea kupanda huku wewe ukichezea maji.

Kipimajoto nacho kina mtego wake. Namba 115 imeandikiwa watu wa usawa wa bahari, na New Orleans ni tambarare kama sahani, sehemu zake nyingine ziko chini ya bahari. Maji hupunguza kiwango cha kuchemka kwa nyuzi moja hivi kila ukipanda mita 300. Dar es Salaam na Mombasa huchemka kwenye 100, Kampala karibu na 96, Nairobi karibu na 94. Anayepika Nairobi akingoja 115 anakausha maji kupita kiasi, na pralini zake zitakuwa ngumu na za kuvunjika. Kanuni ni rahisi: chemsha maji matupu, soma kipimajoto chako, ongeza nyuzi 14 au 15. Nairobi hiyo ni 108 au 109. Njia hii pia itakufichulia kipimajoto kibovu. Maelekezo ya Kimarekani huandikwa kwa Farenhaiti. Ukiona 238 au 240, ni hiyohiyo 114 au 115.

"Mvua ikinyesha, usipike."

Bibi wengi wa Louisiana husema hivi na sitathubutu kuwabishia wote. Ila tutenganishe mambo. Unyevu wa hewa hauzuii shira kufika nyuzi zake, na shira iliyofika nyuzi zake imeshapoteza maji iliyotakiwa kuyapoteza. Tatizo liko baadaye: sukari hunyonya unyevu, na pralini zilizoachwa wazi mezani siku ya mvua hulegea na kunata juu. Dawa yake ni kuzifunga kwenye kopo lisilopitisha hewa mara zikipoa, karatasi kati ya tabaka na tabaka. Wakazi wa pwani wakingoja siku isiyo na unyevu, hawatapika kamwe. Kabla ya kipimajoto kuingia nyumbani, nadhani mvua ilibeba lawama nyingi za shira iliyoepuliwa mapema.

"Sukari guru ni sawa na sukari ya kahawia."

Zinakaribiana kwa rangi tu. Sukari guru ina molasi nyingi zaidi na zile sukari zinazozuia chembe. Itumie badala ya ile ya kahawia ukipenda ladha yake, lakini sukari nyeupe iwe ndiyo kubwa. Kipimo ninachokiamini kina vikombe viwili na robo hivi vya sukari kwa jumla: gramu 300 za sukari nyeupe, 150 za kahawia, mililita 120 za krimu au maziwa mazito ya kopo, gramu 85 za siagi, vikombe kimoja na nusu vya pekani, chumvi kidogo na vanila. Zinatoka kama 20. Sufuria ya shaba na meza ya marumaru ni mapambo. Sufuria nzito yenye kina na karatasi ya kuokea zinatosha. Watoto wakae mbali, kwa sababu shira hii inaunguza kuliko maji yanayochemka, na inaganda kwenye ngozi.

"Pekani huingizwa kama zilivyo."

Zikaange kavu kwenye tanuri la nyuzi 175 kwa dakika nane hadi kumi, mpaka harufu ikufikie sebuleni. Na zisiwe za baridi unapozitia: pekani zilizotoka kwenye friza hupoza shira ghafla, ikashikana kabla hujachota hata kijiko. Friza yenyewe ni mahali pazuri pa kuzihifadhi, kwa sababu karibu asilimia 70 ya uzito wake ni mafuta, na mafuta hayo huchacha upesi kwenye joto.

"Ni peremende ya Kifaransa."

Jina ni la Kifaransa. Linatokana na Plessis-Praslin, jemadari wa Ufaransa wa karne ya 17, ambaye inasemekana mpishi wake ndiye aliyevika lozi sukari. Lozi, sukari, basi. Hakuna maziwa, hakuna siagi, na kila lozi ilisimama peke yake. Lozi za namna hiyo bado huuzwa mji wa Montargis, Ufaransa. Ukienda Ubelgiji ukaagiza pralini utaletewa chokoleti yenye kujazwa ndani, jambo lililoanzishwa Brussels mwaka 1912 na Jean Neuhaus. Ndiyo maana watu watatu wanaweza kubishana kuhusu pralini siku nzima, kila mmoja akiwa na haki.

Ile ya New Orleans, bapa na laini, ilikulia mikononi mwa wanawake weusi. Katika karne ya 19 walikuwapo mitaani wakiuza pralini kwenye vikapu, wengine wakiwa huru, wengine watumwa waliotumwa na mabwana zao kuuza, na baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoisha 1865, wengi wakijitafutia riziki. Wao ndio waliotumia pekani zilizokuwa zikiota palepale, na maziwa na siagi vikaingia. Baadaye maduka yakaweka picha ya mwanamke mweusi mwenye kilemba kwenye boksi, mara nyingi bila yeye kuwa na sehemu katika faida. Kuziita pralini hizi za Kifaransa na kuishia hapo ni kuwapora mara ya pili.

Hata pekani zenyewe zina historia ya namna hiyo. Pekani iliyopandwa kwa mbegu haizai sawa na mama yake, na wakulima walishindwa kuufanya mti huu ulimwe kwa uhakika. Aliyefaulu, majira ya baridi ya 1846 kuingia 1847, alikuwa Antoine, mtunza bustani aliyekuwa mtumwa kwenye shamba la Oak Alley, Louisiana. Alibebesha vikonyo vya mti bora juu ya mashina mengine, kama wakulima wa Mtwara wanavyobebesha mikorosho. Aina hiyo, iliyokuja kuitwa Centennial, ilipata tuzo kwenye maonyesho ya Philadelphia ya 1876. Kwenye kumbukumbu ameandikwa Antoine tu, jina la ukoo hakuna. Na mwaka 1938 huko San Antonio, Texas, wafanyakazi wapatao 12,000, wengi wao wanawake wenye asili ya Meksiko, waligoma baada ya ujira wao wa senti chache kwa ratili ya pekani zilizobanguliwa kupunguzwa. Miongoni mwa viongozi wao alikuwamo Emma Tenayuca, akiwa na miaka 21.

"Bila pekani hakuna pralini."

New Orleans yenyewe haisemi hivyo. Tangu zamani wana pralini za nazi, nyeupe na za pinki, ambazo mtu wa Zanzibar akizikuta atauliza kashata zimefikaje huko. Korosho na makadamia zinakubali vizuri kabisa. Karanga pia, ila hapo umekaribia kashata kiasi kwamba bora upike kashata.

"Zina njugu, kwa hiyo ni chakula cha afya."

Gramu 450 za sukari kwa vipande 20. Kila kipande kina vijiko vya chai zaidi ya vitano.

"Zikigoma kuganda, tupa."

Usitupe. Zilizobaki laini zilihitaji nyuzi chache zaidi: zirudishe sufuriani na vijiko vitatu vya maji, yeyusha kwa moto mdogo, pika hadi namba yako, poza, koroga. Zilizoganda mapema zikawa bonge, ongeza kijiko cha maji ya moto au krimu, pasha kidogo huku ukiponda, zitalegea za kutosha kuchotwa. Zile zilizotoka na chembechembe za mchanga zinaliwa hivyohivyo. Vunjavunja juu ya aiskrimu, na wageni watauliza ulizinunua wapi.