Tamthilia za anga zinazofufuliwa na mashabiki: tusemayo na yaliyo kweli

Kila Jumamosi jioni hapa Katuba, Lubumbashi, tunatandaza shuka jeupe ukutani, tunawasha projekta, na vijana wa mtaa wanakuja kila mmoja na kiti chake. Mwezi uliopita niliwaonyesha Star Trek, tamthilia ya wasafiri wa chombo cha anga, ila hii ilitengenezwa na mashabiki wa Marekani, si na kampuni. Ubishi uliofuata ulitufikisha saa nne usiku. Naandika kwa sababu baadhi ya vijana hao wanataka kutengeneza yao, na mengi waliyoyashikilia usiku ule si kweli.

"Kama ingependwa, isingekatishwa."

Star Trek ya kwanza ilionyeshwa na NBC, televisheni ya Marekani, kuanzia Septemba 1966 hadi Juni 1969, sehemu 79. Uvumi ulipoenea kwamba itafutwa baada ya msimu wa pili, watazamaji waliandika barua kwa maelfu, Bjo Trimble na mumewe John wakiongoza kampeni hiyo, na msimu wa tatu ukapatikana. Doctor Who ya BBC, tamthilia ya Uingereza ya msafiri wa anga na wakati, nayo ilisimama mwaka 1989. Mtu aliyeirudisha mwaka 2005, Russell T Davies, alikuwa ameipenda tangu utotoni.

"Siku hizi kompyuta inafanya yote."

Dhana hii ndiyo inayoniuma zaidi, maana inafuta jasho la watu. James Cawley hupata riziki yake kwa kumuigiza Elvis Presley jukwaani. Zamani aliwahi kufanya kazi na William Ware Theiss, mbunifu wa mavazi ya Star Trek ya asili, na kwake alipata nakala za michoro ya seti za zamani. Akazijenga upya kwa vipimo vilevile katika jimbo la New York: chumba cha usukani, korido, chumba cha tiba. Sehemu ya kwanza ya mfululizo wake, New Voyages, ilitoka Januari 2004 kwenye intaneti, bila malipo. Mwaka 2016 seti hizo, zikiwa katika mji mdogo wa Ticonderoga, zilifunguliwa kwa wageni kwa leseni ya CBS, kampuni yenye hakimiliki ya tamthilia hiyo.

Kompyuta ilichora nyota na vyombo vinavyopita nje. Ukuta anaouegemea mwigizaji ni mbao, rangi na misumari. Maseremala wetu wa mtaa wa Kenya hapa Lubumbashi, wanaopiga randa makabati tangu asubuhi, wangeielewa kazi hiyo kuliko sisi tunaoshinda mbele ya skrini.

"Ni michezo ya watoto."

Walter Koenig, aliyekuwa Chekov katika tamthilia ya asili, aliigiza katika sehemu ya New Voyages ya mwaka 2006 iliyoandikwa na D.C. Fontana, mmoja wa waandishi wa tamthilia hiyo ya asili. Mwaka uliofuata George Takei, mwigizaji mwingine wa tamthilia ya asili, alirudi kuwa Sulu, na sehemu hiyo ikateuliwa kugombea tuzo ya Hugo, tuzo kubwa ya hadithi za kisayansi.

"Yaya, kama hawauzi, kosa liko wapi?"

Kijana aliyeniuliza hivyo, akiniita yaya kama mkubwa wake, alikuwa na uchungu wa kweli, naye alistahili jibu kamili. Kutouza hakukufanyi kuwa mwenye mali. Wahusika, majina, mavazi na sura ya chombo ni vya mwenye hakimiliki hata kama wewe umetoa pesa zako mfukoni. Mashabiki wengi waliachwa kwa miaka kwa sababu wenye mali walinyamaza, na watu wakauchukua ukimya ule kuwa ruhusa.

Kisha ikaja Axanar, kazi nyingine ya mashabiki wa Star Trek. Filamu yake fupi ya utangulizi ilitoka mwaka 2014, ikapendwa mno, na michango ya kutengeneza filamu ndefu ikapita dola milioni moja. Desemba 2015 CBS na Paramount, wenye hakimiliki, wakawafungulia watengenezaji kesi. Januari 2017 jaji alikataa hoja ya watengenezaji kwamba hayo ni matumizi yasiyohitaji idhini, na siku chache baadaye pande mbili zikapatana nje ya hukumu.

"Kwa hiyo wamepiga marufuku."

Hapana. Juni 2016 wenye mali walitoa masharti: hadithi moja isizidi dakika 15, au vipande viwili visivyozidi dakika 30 kwa jumla, michango isizidi dola 50,000, watengenezaji wasilipwe, aliyewahi kuajiriwa na Star Trek asishiriki. Sharti hilo la mwisho naliona kali bila sababu, kwani kwa sheria hiyo Koenig na Takei wasingeonekana. Lakini mlango uko wazi, na dakika 15 zinatosha kabisa kwa vijana wenye kamera moja.

"Sisi huku hayatuhusu."

BBC ilifuta kanda nyingi za Doctor Who za miaka ya 1960 ili kuzitumia tena. Watoto wa Uingereza walikuwa wameweka kinasa sauti karibu na televisheni nyumbani, na ndiyo maana leo sauti za sehemu zote zilizopotea zipo. Picha za sehemu tisa zilipatikana Jos, Nigeria, katika kituo cha televisheni. Habari hiyo ilitangazwa Oktoba 2013.

Nilipowasimulia hayo, walianza kuulizana nani ana michezo ya zamani ya Mufwankolo, ile ya Kiswahili chetu iliyochekesha wazazi wetu redioni na kwenye televisheni. Mama mmoja aliyekuwa amesimama mlangoni akimsubiri mwanawe alisema marehemu mumewe alikuwa akirekodi kutoka redioni, na kaseti bado ziko kwenye sanduku chini ya kitanda. Ameleta tatu. Sasa tunatafuta redio yenye kinasa kinachozunguka vizuri, kisichokula utepe.