Kufunga kifundo si kuua mkono

Juzi nimelisikia tena neno lile, kwamba kufunga kifundo, yaani kuunganisha mifupa ya kifundo cha mkono iwe mfupa mmoja, ni kuua mkono. Fundi wa nakshi kutoka Lamu kaja kliniki hapa Malindi, gegedu (mfuniko laini wa ncha za mifupa) la kifundo cha mkono wa kulia limekwisha, hawezi kushika nyundo kwa maumivu, na nyumbani wameshamwambia: ukifungwa kifundo, mkono umekufa.

Haufi. Vidole havifungwi. Kugeuza kiganja juu na chini hakufungwi pia, kwani hiyo ni kazi ya mifupa miwili ya kigasha. Kinachoondoka ni kukunja na kukunjua kifundo, na kwa wengi maumivu huondoka nacho. Patasi atashika, wali atakula kwa mkono wake.

Hasara zipo, na watu hawaziulizi. Kwenye sujudu kiganja hakitalala bapa kama zamani; itabidi ashushe kiwiko au aegemee ngumi. Istinja kwa mkono uliofungwa ni taabu, ndiyo maana nasita sana kufunga mikono yote miwili ya mtu mmoja.

Zipo operesheni mbili zinazobakiza mwendo: kutoa mifupa mitatu midogo ya safu ya kwanza ya kifundo, ile iliyo karibu na kigasha, au kutoa mmoja tu kati yake, skafoidi, ulio upande wa dole gumba, na kuunganisha minne iliyobaki katikati. Baada ya miaka mingi zinakaribiana: takriban nusu ya mwendo, na nguvu za kushika kama robo tatu za mkono mzima. Ya pili inategemea mifupa iungane, na mvuta sigara anajiweka hatarini. Ya kwanza haina cha kuunga. Lakini kapitati, mfupa wa katikati wa safu ya pili, inakalia kitako kisicho chake, na miaka ikipita eksirei huonyesha nafasi ya kiungo imepungua. Hapo watu hunijia mbio na picha mkononi. Namuuliza mwenyewe: unaumwa? Wengi hawaumwi. Sipasui picha.

Kinachonitia shaka ni umri. Vitabu huonya juu ya kutoa mifupa mitatu kwa walio chini ya miaka 35 au 40. Ila tafiti nyingi zimehesabu waliorudi kliniki. Aliyekata tamaa akaenda kwingine hayumo. Kwa kijana wa kazi nzito naelekea kuunganisha mifupa, na namwambia wazi kwamba huo ni uamuzi wangu, si sheria.

Na kifundo cha bandia, "kama goti la mjomba"? Cha mkono hulegea mapema kuliko goti au nyonga, na hakitaki mizigo. Mtu wa nyundo na tezo simwekei, hata akiwa na pesa mkononi.