Je, wajua kwa nini Kardinali Rugambwa alizikwa mara mbili?

Ukishuka melini Bukoba ukitokea Mwanza na kuingia mjini, hutachelewa kuliona kanisa kuu la Jimbo Katoliki. Humo ndimo alimolala Mwadhama Laurean Kardinali Rugambwa, Mwafrika mweusi wa kwanza wa zama zetu kuwa kardinali. Alifariki dunia Dar es Salaam tarehe 8 Desemba 1997, lakini kaburi la kanisa kuu ni la Oktoba 2012. Kabla ya hapo, kwa karibu miaka 15, alikuwa amezikwa Kashozi, kaskazini mwa mji.

Sababu ya kwanza ni nyepesi: kanisa kuu lilikuwa katika ukarabati. Sasa, mbona hakuachwa apumzike Kashozi moja kwa moja? Hapa Kanisa lina utaratibu wake. Kanuni ya 1242 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 hairuhusu watu kuzikwa ndani ya kanisa, isipokuwa Papa, na makardinali na maaskofu wa jimbo, hata wastaafu, ambao huzikwa katika kanisa lao wenyewe. Askofu na kanisa lake kuu hawaachani kwa urahisi, hata kifo kikishafika.

Kanisa lake lipi, basi? Dar es Salaam nayo ingeweza kumdai, maana aliiongoza kama askofu mkuu kuanzia Desemba 1968 hadi alipostaafu mwaka 1992. Ili kuielewa Bukoba, sharti turudi nyuma.

Rugambwa alizaliwa mwaka 1912 huku Kagera, katika familia ambayo haikuwa ya Kikristo. Alibatizwa Machi 1921, yeye pamoja na wazazi wake. Akasoma seminari ya Rubya, kisha seminari ya Katigondo, ng'ambo nchini Uganda, akapewa upadre Desemba 1943. Baadaye alikwenda Roma kusomea sheria za Kanisa, na mwishoni mwa 1951 akateuliwa kuongoza Vikarieti (eneo la Kanisa ambalo bado halijawa jimbo kamili) ya Kagera ya Chini, iliyomegwa kutoka Bukoba. Mwaka 1953 ikawa Jimbo la Rutabo. Lilikuwa jimbo dogo la vijijini, la migomba na kahawa, na Bukoba yenyewe ilibaki chini ya askofu mmisionari, Alfred Lanctôt kutoka Kanada.

Ndipo Machi 1960 Papa Yohane XXIII akamtangaza kardinali askofu huyo wa Rutabo, akiwa na miaka 47, Tanganyika yenyewe haijapata uhuru. Kwangu hili ndilo jambo kubwa kuliko yote katika maisha yake: Roma ilipomtafuta kardinali wa kwanza wa Afrika nyeusi, haikwenda kwenye mji mkuu wowote. Ilikuja hapa ziwani. Juni mwaka uleule mipaka ikapangwa upya, Lanctôt akahamia jimbo jipya la Rulenge, na Rugambwa akawa Askofu wa Bukoba; ndiyo maana kanisa kuu la Bukoba nalo ni kanisa lake. Akiwa Bukoba alishiriki Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia nzima, na kupiga kura katika uchaguzi wa Papa Paulo VI mwaka 1963. Alishiriki tena chaguzi zote mbili za mwaka 1978, safari hiyo akitokea Dar es Salaam.

Na Kashozi isidharauliwe kwa kuwa ilikuwa kaburi la muda. Ndiyo misheni ya kwanza ya Kikatoliki upande huu, iliyoanzishwa mwaka 1892 na Askofu Jean-Joseph Hirth wa shirika la wamisionari la Mapadri Weupe, baada ya vita vya Wakatoliki na Waprotestanti kumtimua Buganda.

Jambo moja la kuangalia, kwa sababu vijana wengi huchanganya: Kardinali Protase Rugambwa wa Tabora, aliyepewa ukardinali mwaka 2023, ni mtu mwingine. Naye ni mtoto wa Bukoba, aliyezaliwa Bunena Mei 1960, miezi miwili tu baada ya Laurean kuwa kardinali.