Nguo iliyochakaa haigeuki nguo mpya kirahisi hivyo

Wengi huamini kwamba nguo yoyote iliyochakaa, ikitumbukizwa kwenye sanduku la michango, itasagwa na kurudi dukani ikiwa nguo mpya. Sivyo. Wakfu wa Ellen MacArthur, shirika la hisani la Uingereza linalohimiza vitu vitumike tena badala ya kutupwa, ulikadiria mwaka 2017 kwamba chini ya asilimia 1 ya malighafi ya nguo hurejelezwa kuwa nguo nyingine. Kikwazo ni nyuzi zenyewe. Mashine inapochanachana nguo ya pamba huzikatakata nyuzi zikawa fupi, na uzi unaosokotwa nazo huwa dhaifu usipochanganywa na pamba mpya. Pamba iliyofumwa pamoja na poliesta ni ngumu zaidi kuitenganisha. Viatu ndivyo vinavyosumbua hasa: mpira, ngozi, sponji na kitambaa, vyote vimeshikamanishwa kwa gundi.

Lakini tambara si taka. Mengi huwa vitambaa vya kufutia mashine au vijazio vya magodoro, na hiyo ni kazi ya maana. Ila yawe safi na makavu. Nguo moja yenye ukungu inaweza kuharibu mzigo mzima. Viatu vifunge jozi kwa jozi. Na uliza kwanza, tafadhali: wakusanyaji wengine hupokea vinavyovalika tu, na ukiwapelekea matambara unawabebesha gharama ya kuyatupa.