"Subirini mahakama" na mengine tunayoyakosea mgombea akituhumiwa

Uchaguzi ukikaribia tu lazima mgombea mmoja atajwe kwa jambo baya. Mara kamshika mtu bila ridhaa yake, mara kala hela za umma, mara kampa mkewe ajira hewa, na haijapita hata saa moja watu washagawanyika, hawa wanasema amekwisha huyo, wale wanasema anachafuliwa tu, halafu ukikaa ukasikiliza vizuri unagundua hoja zao ni zilezile ila wanapokezana kutegemea mtuhumiwa ni wa chama gani. Leo ni "subirini mahakama", kesho akiguswa wa upande wa pili ni "lisemwalo lipo". Nyingi ya hizo hoja hazina miguu, na kuna ambazo hata mimi nimezitumia sana tu.

"Hana hatia mpaka mahakama iseme, kwa hiyo nyamazeni"

Hii ndo mama yao wote. Kanuni yenyewe ni ya kweli, ipo kwenye Azimio la Kimataifa la Haki za Binadamu la 1948, ibara ya 11, lakini kaisome: inamuongelea mtu aliyeshtakiwa kwa kosa la jinai. Kazi yake ni kumlinda mtu na dola, kwamba serikali isije ikamfunga kabla haijathibitisha inachodai. Sasa mpiga kura anamfunga nani? Yeye anaamua tu ampe mtu madaraka au asimpe, na kwenye madaraka hakuna mwenye haki ya kuzaliwa nayo. Mtu anayetaka kuja kukulelea mtoto, ukisikia huko alikotoka aliondoka kwa ugomvi wa mtoto kupigwa, husemi ngoja nisubiri hukumu. Unauliza. Unapiga simu kule alikokuwa, unamsikiliza na yeye mwenyewe, halafu unaamua.

Na hiyo mahakama tunayoambiwa tuisubiri ina mwendo wake. Ufaransa, 2017, François Fillon alikuwa anapewa nafasi kubwa kabisa ya kuwa rais, Januari 25 gazeti la Le Canard enchaîné likatoa stori kwamba mkewe alikuwa analipwa hela za bunge kwa kazi ya usaidizi ambayo haionekani aliifanya wapi. Fillon mwenyewe akaenda kwenye televisheni akasema kitakachomtoa kwenye kinyang'anyiro ni kimoja tu, akifunguliwa mashtaka. Machi 14 akafunguliwa. Hakutoka, bana. Aprili 23 wananchi wakapiga kura akaishia wa tatu na asilimia 20 hivi. Hukumu ya kwanza ya kumtia hatiani ilitoka Juni 2020, miaka mitatu baada ya kura, na kwa rufaa juu ya rufaa adhabu ya mwisho imekuja kutoka 2025. Yaani wapiga kura wangesubiri mahakama wangemsubiri miaka minane. Kura ina tarehe, kesi haina.

Hapa lakini watu wangu wa "tusisubiri" wasichekelee haraka. Kusema "simpi kura mpaka ajibu hili" na kusema "huyu ni mwizi" siyo kitu kimoja. La kwanza ni uamuzi wako wewe. La pili ni tuhuma mpya unayoianzisha wewe, na ukiambiwa uithibitishe utaanza kutafuta nani alikutumia.

"Kesi ilifutwa, kwa hiyo ni msafi"

Hapa panahitaji utulivu maana kesi inaweza kuisha kwa njia tano sita na kila moja ina maana yake. Chukua Jacob Zuma wa Afrika Kusini, yeye peke yake ni darasa zima. Mei 2006 mahakama ilisikiliza kesi ya ubakaji dhidi yake, ikasikia mashahidi wa pande zote, jaji akasema hana hatia. Unaweza usiipende hiyo hukumu, watu wengi hawakuipenda, lakini hiyo ndo maana ya kuachiwa: ushahidi umepimwa, haukutosha. Sasa njoo kwenye kesi yake nyingine, ile ya rushwa. Aprili 6, 2009, wiki mbili na ushee kabla ya uchaguzi uliomfanya rais, waendesha mashtaka walitangaza wanaifuta. Kwa nini? Sababu waliyotoa ni kwamba kuna simu zilizorekodiwa zinaonyesha wakubwa wa upande wa mashtaka walikuwa wanachezea muda wa kumshtaki kwa hesabu za kisiasa. Hakuna jaji aliyekaa akapima ushahidi akasema haupo. Wafuasi wake wakasherehekea kama kashinda kesi, kumbe hakuna kesi iliyosikilizwa. 2016 Mahakama Kuu ikasema uamuzi ule wa kufuta haukuwa na mantiki, na Machi 2018 mashtaka yakarudishwa. Yeye anayakana mpaka kesho, na hiyo ni haki yake. Nachosema ni kwamba lile neno "ilifutwa" halikuwa na uzito tuliolibebesha.

Ya Kenya nayo inachanganya watu hivyohivyo. Uhuru Kenyatta na William Ruto waligombea na wakashinda Machi 2013 wakiwa na kesi ICC, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Ya Kenyatta waendesha mashtaka waliiondoa Desemba 2014 kwa kusema ushahidi walionao hautoshi, ya Ruto majaji wengi wao waliisitisha Aprili 2016 bila kumtangaza hana hatia na bila kufunga mlango wa kushtakiwa upya. Kwa hiyo anayesema "walishinda kesi" anakosea, na anayesema "walikutwa na hatia wakaponyoka" naye anakosea vilevile, tena huyu wa pili anakosea zaidi. Hakuna hukumu ya hatia. Basi. Inauma kukaa na jibu la namna hiyo lakini ndo jibu lililopo.

"Alilipa, kwa hiyo alikubali kosa"

Hapana. Watu hulipa kumaliza kesi kwa sababu nyingi, gharama za mawakili, aibu ya kuhojiwa hadharani, kuchoka. Bill Clinton, akiwa rais wa Marekani, alilipa dola 850,000 Novemba 1998 kumaliza kesi ya Paula Jones, mwanamke aliyemshtaki kwa unyanyasaji wa kingono, bila kukiri na bila kuomba radhi. Malipo hayathibitishi kosa, na hayamsafishi mtu pia. Tuendelee.

"Mahakama ilimkuta na hatia" (wakati ilikuwa kesi ya madai)

Mei 9, 2023 juri ya watu tisa New York, yaani raia wa kawaida wanaoteuliwa kuamua kesi, iliamua kwamba Donald Trump anawajibika kwa kumdhalilisha kingono mwandishi E. Jean Carroll na kwa kumkashifu, ikaagiza amlipe dola milioni 5. Kwa muda mfupi sana nikaanza kusikia "Trump kafungwa kwa ubakaji" na upande wa pili "Trump kasafishwa". Zote mbili uongo. Ile ilikuwa kesi ya madai, siyo jinai, hakuna kifungo kwenye kesi ya madai, kuna fidia. Na kipimo cha ushahidi ni kingine: jinai inataka uthibitishe bila kuacha shaka ya maana, madai inatosha mizani ielemee upande mmoja. Na juri ileile ilipoulizwa kuhusu ubakaji kwa tafsiri ya sheria ya jimbo ilisema haujathibitishwa, ikakubali udhalilishaji wa kingono. Trump anakana yote. Sasa mtu akiandika "juri iliona kwa mizani ya madai kwamba alimdhalilisha" atakuwa sahihi, ila kiukweli haivutii kama "kafungwa", na ndo maana huioni.

"Mbona alinyamaza miaka yote, aje kusema leo?"

Swali siyo baya, shida ni kwamba wanaouliza hawasubiri jibu. Alabama, Marekani, 2017, Roy Moore anagombea useneta, Novemba 9 gazeti la Washington Post linatoa habari ya wanawake wanne wakielezea jinsi Moore alivyowafuata kimapenzi wakiwa wasichana, mwisho wa miaka ya 1970 na mwanzo wa 1980, mmoja akisema alikuwa na miaka 14 wakati Moore ana 32. Moore akakana, na mtaani neno likawa moja: kwa nini mwezi mmoja kabla ya uchaguzi? Jibu lilikuwa ndani ya habari yenyewe. Wale wanawake hawakulifuata gazeti, waandishi walikuwa huko wanafanya habari nyingine ya kampeni wakasikia minong'ono, wakawatafuta, wakawaomba wazungumze, na wakahoji watu zaidi ya 30 waliosema walimfahamu Moore enzi hizo. Mwandishi haendi kuchimba maisha ya mtu ambaye hagombei chochote. Tuhuma inatoka karibu na uchaguzi kwa sababu uchaguzi ndo unaowaleta wachimbaji.

Kuna na sababu za kisheria ambazo watu hawazijui. Carroll niliyemtaja juu alisema tukio ni la katikati ya miaka ya 1990, muda wa kufungua kesi ya kudhalilishwa ulikuwa ushapita zamani, New York ikatunga sheria 2022 iliyofungua dirisha la mwaka mmoja kwa kesi za zamani kuanzia Novemba 24, 2022, na yeye akafungua siku hiyohiyo dirisha lilipofunguka.

Nakubali lakini, muda unaweza kupangwa kweli. Hizo simu za kwenye kesi ya Zuma ndo mfano wenyewe. Ila muda kupangwa hakufanyi tukio liwe halijatokea, yanaweza kuwa kweli yote mawili, tena mara nyingi ndivyo.

"Magazeti yanachapa chochote wanacholetewa"

Yapo ya hivyo, sikatai. Lakini kwenye stori hiyohiyo ya Moore kuna kipande nakipenda sana. Katikati ya vurugu zile akatokea mwanamke akawaambia waandishi wa Washington Post kwamba Moore alimpa mimba akiwa kigori na ikatolewa. Habari kubwa, ya moto, inamponda mtu ambaye tayari yuko chini, gazeti lenye njaa lingeichapa kesho yake. Wao wakaanza kukagua. Alisema aliishi Alabama majira ya joto tu alipokuwa kigori, sasa mbona namba yake ya simu inaanza na tarakimu za eneo la Alabama? Wakaingia mtandaoni wakakuta ukurasa wenye jina lake wa kuchangisha hela, unasema anahamia New York kufanya kazi ya kupambana na vyombo vya habari vinavyopendelea upande mmoja. Mwandishi akakaa naye mezani, akamtolea karatasi ya ule ukurasa, akamuuliza. Baadaye waandishi wakamuona anaingia ofisi za Project Veritas, kikundi kinachojulikana kwa kuwategea waandishi mitego. Novemba 27 gazeti likachapa habari ya mtego wenyewe. Kwa hiyo tuhuma ya uongo ilikuwepo kweli, ililetwa na watu waliotaka kuonyesha kwamba magazeti yanameza kila kitu, ikakwama kwenye maswali ya kawaida ya namba ya simu.

"Wengi wanasingizia" na "hakuna anayesingizia"

Utafiti mmoja unaotajwa sana wa 2010 uliangalia ripoti 136 za udhalilishaji wa kingono kwenye chuo kimoja Marekani kwa miaka kumi, 8 zikaonekana za uongo, kama asilimia 5.9. Wa "wanasingizia" wanatakiwa waone hiyo namba ilivyo ndogo. Wa "tuwaamini wote" nao waone kwamba siyo sifuri, na waone pia kwamba karibu nusu ya zile ripoti ziliishia njiani bila kwenda popote, sasa hizo utaziweka fungu gani? Takwimu zinakusaidia usianze kwa kumdharau anayelalamika. Hazikuambii juma hili, mgombea huyu, nani mkweli.

"Kashfa kama hii lazima imuangushe"

Haya, muulize aliyetabiri hivyo Oktoba 7, 2016 sauti ya Trump ya Access Hollywood ilipotoka, ile anayojisifu kuwashika wanawake bila ridhaa. Mwezi mmoja baadaye kashinda urais. Moore alianguka, lakini kwa tofauti ya kura 22,000 hivi kati ya zaidi ya milioni 1.3. Gary Hart, aliyekuwa anautafuta urais wa Marekani, 1987 alijitoa mwenyewe ndani ya siku chache kwa stori ya mwanamke ambayo leo sidhani kama ingemtoa mtu jasho. Hakuna fomula.

Mimi kipimo changu ni kimoja. Nikipata tuhuma nabadilisha jina, namuweka wa upande wangu, nasoma tena. Nilikianza baada ya kuaibika: mjomba alituma kwenye grupu la familia barua ya mgombea tusiyempenda, ina mhuri, ina saini, inaagiza hela zihamishwe, na mimi nikaisambaza kwa watu kama kumi na tano bila kupumua. Shemeji ndo akauliza, "Jamani, Juni ina siku ngapi?" Barua ilikuwa na tarehe 31 Juni. Nilipita nayo mstari kwa mstari nikitafuta kiasi cha hela, tarehe sikuiona kabisa, maana nilikuwa naitaka iwe kweli. Nikawaandikia wote kumi na tano kwamba ile ni feki, samahani. Wanne walijibu. Mmoja wao alisema, "Hata kama, anafanana nayo."