Tangazo la utafiti halijui unaumwa nini

Usiku unatafuta Google "nyayo kuwaka moto", dalili inayoweza kuwa ya kisukari, kesho yake simu inakuletea tangazo: utafiti wa dawa ya kisukari unahitaji washiriki. Wengi huruka na hitimisho moja: hospitali imeuza faili langu! Si lazima. Tangazo linaweza kufuata alama ulizoacha mtandaoni tu: ulichotafuta, kurasa ulizopenda, video ulizotazama hadi mwisho. Facebook iliwaruhusu watangazaji kulenga watu walioonyesha kuvutiwa na mada kama Siku ya Kisukari Duniani, mpaka Januari 2022 ilipoanza kuziondoa mada za afya za aina hiyo.

Ila alama hizo si vipimo vya maabara. Binti anayemhangaikia mama yake huacha alama zilezile za mgonjwa mwenyewe. Mwanafunzi wa uuguzi mwenye mtihani kesho naye vilevile. Ndiyo maana kubofya tangazo hakukuingizi kwenye utafiti. Utahojiwa, utaelezwa faida na hatari, utasaini fomu ya ridhaa, ndipo utolewe damu. Hata hapo unaweza kukataliwa, na ukikubaliwa unaweza kujitoa siku yoyote bila kumlipa mtu chochote.